Kadi Iliyobaki Kwenye Mashine

Mtaani walimwita Mama Kadi, na wageni walidhani ni mcheza karata. Hakuwahi kushika karata maishani mwake. Jina hilo lilitoka kwenye kiwanda kidogo cha masweta, ambako kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kutoboa matundu. Cheka ukitaka, lakini usimalize kicheko chote.

Mashine za kufuma za siku hizo zilisukumwa kwa mkono. Sindano mia mbili zilijipanga juu ya kitanda cha chuma, na kigari kilipita juu yake kwenda na kurudi, kra-kra, kra-kra. Palikuwa na mwanya wa kuingizia kadi ya plastiki yenye matundu. Kila kigari kilipopita, kadi ilisogea mstari mmoja. Penye tundu, sindano ilichukua uzi wa rangi ya pili; pasipo na tundu, ilichukua uzi wa kawaida. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Mashine ileile, ukiipa kadi hii inafuma maua, ukiipa ile inafuma jina la shule. Chuma hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni maagizo.

Chuma kilikuwa cha mumewe, fundi mitambo wa kiwanda hichohicho. Wawili hao walioana wakibishana na wakaendelea hivyohivyo.

"Kadi zako bila chuma changu," fundi alikuwa akisema huku anajifuta grisi, "ni za kupepea moto."

"Na chuma chako bila kadi zangu," mkewe anamjibu, "ni kitanda cha kulalia paka."

Binti yao wa pekee alikulia katikati ya ubishi huo, ndiyo maana alipokuwa mwalimu wa kompyuta somo la kwanza halikumpa tabu. Aliwaambia wanafunzi wake, "Baba yangu ni maunzi, vile vitu mnavyoweza kuvigusa. Mama yangu ni programu, maagizo yanayoviambia vitu hivyo vifanye nini. Haya, nani mkubwa?" Darasa lilikuwa halikaliki kwa makelele.

Fundi alikuwa na silaha moja ambayo hakuacha kuitumia. Wiki ya kwanza ya kazi, Mama Kadi, wakati huo msichana mwenye haraka zake, alitoboa jina la shule kama linavyoandikwa. Hakujua kwamba nguo hufumwa upande wa ndani ukiwa umemwelekea mfumaji, kwa hiyo herufi lazima zitobolewe kinyume. Masweta arobaini yalitoka jina limegeuka, huwezi kulisoma mpaka usimame mbele ya kioo. Akailaumu mashine. Fundi aliifungua skrubu kwa skrubu, akaifunga tena, kisha akamwambia kwa upole, "Dada, hii imefanya kile ulichoiambia." Miezi minane baadaye wakaoana, na kila walipotofautiana fundi alisema neno moja tu: "Arobaini."

Halafu zikaja mashine mpya. Hazikuwa na kadi. Mchoro ulichorwa kwenye kompyuta, ukahifadhiwa ndani, na mashine ikaufuma yenyewe. Wengi kiwandani waliingiwa na hofu, lakini Mama Kadi alitazama vile viboksi vyeusi na vyeupe kwenye skrini akaona matundu yake yaleyale. Tajiri wa kiwanda akampeleka mafunzoni. Fundi hakuhitajika tena, kwa kuwa mashine mpya zilikuja na mafundi wake. Alipewa mashine moja kuukuu kama asante ya kumuaga, akaiweka chumba cha nyuma nyumbani.

Jioni moja, kwa uchovu na pengine kwa majivuno kidogo, Mama Kadi alimwambia, "Mume wangu, chuma chako kimepitwa. Kubali tu nimeshinda."

Fundi alichukua taa akaenda chumba cha nyuma. Hakusema hata "arobaini".

Miaka miwili baadaye akaugua. Siku alizopata nguvu alijifungia chumba cha nyuma, na mkewe akawa anasikia tupa ikikwaruza na nyundo ikigonga polepole. Hakuingia. Aliona aibu. Baada ya maziko akaifunika ile mashine kwa shuka, akafunga mlango. Kwa miaka kumi na moja lile neno lake, "nimeshinda", lilimsumbua: je, mume wake aliondoka nalo moyoni? Hilo hakumwambia mtu, hata binti yake.

Sasa binti alihitaji chumba kile cha kufundishia kompyuta, na mama mwenyewe ndiye aliyesema mashine iuzwe. Jumamosi asubuhi akaja jirani mshonaji, mwanamke asiyenunua kitu bila kukijaribu, na nyuzi zake mbili, nyekundu na nyeupe.

Waliondoa shuka. Ndani ya mwanya palikuwa na kadi.

Mama Kadi aliinama akaitazama ile sehemu iliyochomoza. Haikuwa yake. Matundu aliyotoboa yeye yalikuwa ya mviringo, safi. Haya yalikuwa yametobolewa kwa msumari na kusawazishwa kwa tupa, mengine yamepinda.

"Itoe, mama, tuweke nyingine," binti alisema.

"Iache."

Akatia nyuzi, akashika kigari. Kililia kidogo, kikakubali. Kra-kra, kra-kra. Upande uliomwelekea nyuzi zilipitana ovyo, hakuona kitu. Alisukuma mpaka kadi ikaisha, akashusha kile kitambaa, akakigeuza. Herufi zilikuwa zimelala ubavu, zikipanda juu kwa juu kama ngazi.

Mshonaji alikilaza ubavu akajaribu kusoma. "A, D, N, I... Hii lugha gani? Mashine yenu mbovu."

"Mashine haikosei," Mama Kadi alisema. Alikwisha kuelewa. Alikwenda chumbani kwake, wenzake wakimfuata, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akakinyoosha kile kitambaa kwa ubavu kifuani.

UMESHINDA.

Alicheka kwanza, kicheko cha msichana wa kiwandani. "Mnaona? Amenigeuzia makusudi! Arobaini! Mpaka kaburini ananikumbusha arobaini!" Kisha akaketi kitandani na kitambaa chake, akalia, na binti yake akaketi naye akalia pia bila kujua vizuri kwa nini. Mtu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kutoboa kadi hata moja alikuwa ametoboa moja kwa msumari, huku akiumwa, ili kuandika hivyo.

Mshonaji alikohoa. "Sasa bei yake ikoje?"

"Nisamehe, jirani. Haiuzwi."

"Na chumba, mama?" binti aliuliza akijipangusa macho.

"Wanafunzi wako wataanzia kwenye mashine hiyohiyo. Niletee kopo la mafuta la baba yako."

"Mama, wewe hujawahi kupaka mafuta mashine."

"Ndiyo. Lilete."

Akarudi chumba cha nyuma, akakunja mikono ya gauni lake. Alianzia kwenye kigari, kwa tambara na tone la mafuta, kisha sindano moja baada ya nyingine, zote mia mbili, mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya fundi. Alipofika mwisho akakisukuma kigari. Hakikulia tena.

"Haya," aliiambia mashine. "Na wewe umeshinda."