Mikeka ya Yoga

Wamama wote waliokuwa kanisani siku ile, hapa kambini Dzaleka, ningali nawakumbuka kwa majina. Mwalimu wa yoga kutoka Lilongwe alituambia tulale chali kwenye mikeka, tutulie. "Wahindi wa zamani waliita hii kulala kama maiti. Inafundisha roho kuachilia."

Jirani yangu akacheka. "Eeh, mwalimu! Kwetu Fizi bamama bakilala hivi mchana, njo kilio cha msiba. Nani amekufa?"

Tulilala hata hivyo. Mimi nilikuwa namuwaza mjukuu wangu, aliyelazwa hospitali mjini, akiuguzwa na mama yake, binti yangu.

Mlango ukafunguka. Binti yangu alisimama pale bila mtoto mgongoni, akatutazama.

"Mama, nani amewaletea habari mbele yangu?"

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Jirani ndiye aliyeanza kulia. Mi nilibaki chini.