Sahani ya Mgeni

Idi ile nilikuwa na haja moja tu, nayo ni mama ampende mwenzangu. Sikutaka ajue mengi. Ampende tu, amtie katika watoto wake, amgombeze akiacha kandambili katikati ya mlango, basi. Wallahi sikutaka zaidi ya hapo.

Namwita mwenzangu kwa sababu Kiswahili chetu hiki, na utajiri wake wote, kina jina la kila samaki na la kila upepo, lakini watu kama sisi kimetuwekea matusi matupu. Miaka hiyo ya themanini tulikuwa tukifanya kazi katika hoteli moja ya watalii Kikambala, mimi stoo, yeye jikoni. Mimi mtoto wa Mambrui, yeye mtu wa Rabai, Mkristo asiyekosa kanisa. Tulikodi vyumba viwili pamoja, na majirani walituona vijana wawili wanaobana matumizi. Wakituuliza mbona hatuoi, tulisema mahari imepanda, wakaguna wakakubali, maana kweli ilikuwa imepanda.

Kwetu sikuwahi kumpeleka. Kila Idi nilikwenda peke yangu nikarudi na kikapu cha visheti na mikate ya mofa, naye akavila huku akinihoji: mama kasema nini, mama kavaa nini, mama akicheka huchekaje. Mama yake yeye alifariki angali mdogo, hata sura haikumbuki. Mwaka ule nikasema potelea mbali, tukaenda wote.

Tulipofika alivua viatu barazani, akainama. "Shikamoo, mama."

Mama akamtazama tangu utosini hadi kidole cha mguu, kama anayechagua kitambaa dukani. "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Huyu hakupi chakula huko?"

"Mama, mimi ndiye ninayempikia."

Mama akacheka mpaka mtandio ukamwanguka begani. Siku ya pili alikwisha kumgombeza juu ya kandambili, na mimi nikaenda uani nikasimama peke yangu, nikitabasamu mbele ya kuku.

Sasa zimwi, maana mwaka ule mji wetu uliingiliwa na zimwi. Tulilikuta mjini limeshaanza kazi yake. Mashamba ya kandokando yalikuwa yamelazwa chini, matikiti yamepasuliwa, mahindi machanga yametafunwa. Asubuhi pwani zilionekana nyayo pana kama sufuria, nusu zimefutwa na maji. Wavuvi wawili waliapa kwamba wameona kichwa kikichomoza baharini, masikio madogo, pua zikipuliza. Na ukuta wa makaburi ya zamani ulikutwa umerushiwa kinyesi hadi juu, na hilo ndilo lililowaudhi wazee kuliko yote. Zimwi gani hili lisilo na adabu hata kwa maiti!

Mtu mmoja alisema huenda ni kiboko wa Mto Sabaki. Wakamcheka barazani mpaka akanyanyuka akaenda zake. Kiboko ni mnyama wa maji baridi, wakasema, kwenye chumvi atafuata nini? Watu wa kwetu wakishaamua jambo, huwatoi hapo hata kwa winchi.

Basi ikaanza kutafutwa sababu, na sababu kwetu huanza kutafutwa kwa wageni. Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alikuja uani asubuhi akakaa juu ya kibao cha mbuzi bila kukaribishwa. "Lakini watu wa Rabai nao wana mambo yao," akasema, akiangalia juu. "Si huyo mgeni wenu ni wa huko?"

Mama alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Zimwi limeanza kabla hajafika. Na huyu si mgeni, huyu ni mwanangu. Ukimtaja tena kwa ubaya, mlango ule pale."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikwenda mbio kumwambia mwenzangu, neno kwa neno, na yeye akachukua ndoo akaenda kumchotea mama maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa. Laiti ningalimchukua siku ile ile tukarudi Kikambala tukiwa bado na raha hiyo.

Wazee wakaamua ng'ombe azungushwe mjini. Ni desturi yetu ya zamani: ng'ombe huongozwa kuuzunguka mji wote, wasomaji mbele wakisoma Qurani, wanaume wa mji nyuma wakiitikia, na mwisho huchinjwa nyama ikagawiwa kila nyumba. Balaa huona mji una wenyewe, ikaondoka. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeshika nyumba yetu tangu baba kufariki, na siku ile ndiye aliyepewa heshima ya kushika kamba ya ng'ombe. Mwenzangu akauliza kama na yeye anaruhusiwa kufuata. Mjomba akasema, "Fuata, kijana wangu, miguu haina dini." Nilijiona nimefika.

Tulizunguka upande wa bara kwa utulivu. Tuliposhukia upande wa pwani, wasomaji wakanyamaza wote kwa pamoja. Mbele yetu, katika maji ya magotini, lilikuwa limesimama lizimwi lenyewe, jeusi, linang'aa, povu la bahari linaliosha tumbo. Kiboko. Kiboko mzima, dume, anaoga chumvi kama mtalii!

Yarabi! Sijaona watu wazima wakikimbia vile. Kanzu zilishikwa kiunoni, kofia zikabaki mchangani. Ng'ombe akachomoka akashika njia ya Gongoni. Na mjomba, aliyejizungushia kamba mkononi, akavutwa kifudifudi hatua kadhaa mpaka kamba ikakatika, akabaki amelala kati ya mnyama na sisi. Kiboko akafungua kinywa. Pale ndani ungeweza kuweka kigoda ukakaa.

Sote tulisimama mbali, tunapiga kelele. Mwenzangu akakimbia. Akakimbia kuelekea kule, mtu wa Rabai, mpishi, asiyejua hata kuogelea. Akamshika mjomba chini ya makwapa akawa anamburura kinyumenyume, na kiboko akapiga hatua mbili kutoka majini.

Ndipo ulimi wangu ukaniponyoka. Sikufikiri. Nililia kwa sauti ambayo sijui nilikuwa naificha wapi: "Laazizi! Laazizi wangu, rudi! Utaniacha na nani mimi? Roho yangu, rudi!"

Laazizi. Mtu hamwiti rafiki yake hivyo. Mtu hamwiti hata ndugu yake hivyo. Hilo ni jina la chumbani, na mimi nililimwaga ufukweni mbele ya wanaume wa mji mzima.

Kiboko alinguruma, akageuka, akajitupa majini, akaogelea zake kuelekea mlango wa mto. Zimwi likaishia hapo. Lakini hakuna aliyekuwa akilitazama tena. Binamu yangu aliyekuwa ubavuni mwangu alianza kufunga na kufungua kifungo cha kanzu yake, akifunga na kufungua, kisha akasogea pembeni taratibu. Wengine wakainama kuokota kofia na kukung'uta mchanga usioisha. Nilitamani kiboko arudi anichukue. Uso uliniwaka mpaka nikahisi masikio yanachemka.

Mwenzangu hakusikia kitu. Mawimbi, kiboko, mjomba akilia shahada sikioni mwake, angesikiaje? Alinijia akihema, ameloa, meno yote nje. "Umeona?" akasema. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Mbona watu wamenyamaza?"

"Wameogopa," nikamwambia.

Habari kwetu haingoji miguu. Tulipofika nyumbani, wanawake wa mtaa walikuwa wakitoka uani kwetu mmoja mmoja, wametulia kupita kiasi, na yule jirani mwenye mdomo alinipa salamu ya upole ambayo hajanipa maisha yangu. Nikajua mama ameshaambiwa.

Chakula cha mchana kikaandaliwa ukumbini, pilau ya Idi. Kwetu wanaume wa nyumba hula sinia moja, mikono yote mle. Mtu wa nyumba hali sahani. Sahani ni ya mtu wa kupita, fundi wa paa, karani wa serikali, mtu unayemkirimu lakini hutaki mkono wake ukutane na wako. Siku zote zile mwenzangu alikuwa amekula siniani, bega kwa bega na mjomba na binamu zangu, wakimsukumia minofu upande wake, na mimi kila tonge nililomeza nilishukuru Mungu.

Sinia ikaletwa. Dada yangu akaingia nyuma yake, macho chini, akaweka meza ndogo karibu na dirisha, akatandika kitambaa, na juu yake akaweka sahani ya kabatini, ile ya maua ya buluu, na uma na kijiko, pilau imepandishwa kama kilima na paja zima la kuku juu. "Mama amesema hii ni ya mgeni," akasema, akatoka upesi.

Nikamgeukia mwenzangu, na nikaona uso wake umefunguka kama wa mtoto aliyevishwa nguo mpya. Yeye kila siku ya kazi alisimama nyuma ya meza ndefu akipanga sahani za wazungu, nyama hapa, mboga pale, akipangusa ukingo kwa kitambaa. Kwake yeye sahani ya peke yake, yenye uma, ilikuwa na maana moja tu.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Ni kwa sababu ya mjomba. Wameona nilivyomvuta. Mimi maisha yangu yote napangia watu sahani, leo nimepangiwa mimi."

Nilinyoosha mkono nile naye, angalau tuwe wawili kwenye fedheha ile. Akaivuta sahani kifuani, akicheka. "Ondoa mkono wako bwana! Nenda kwenye sinia yenu. Hii yangu."

Hakuna aliyecheka. Mjomba, ambaye mchanga wa kuburutwa ulikuwa bado umemganda shingoni, alitazama wali wake akala. Nilimwonea haya mjomba, nikawaonea haya binamu zangu, na zaidi ya wote nilijionea haya mimi, kwa kuwa ni wa watu hawa na kwa kuwa nilijua vizuri sana wanachokifanya. Nikatoka nikaenda jikoni.

Mama alikuwa amekaa kitini, mgongo kwangu.

"Mama, kwa nini?"

"Sijasikia kitu," akasema. "Na sitaki kusikia. Mgeni ale, ashibe, aende salama. Nimemsitiri. Ulitaka niwalazimishe wale wachovye mkono pamoja naye?"

"Na mimi? Mimi mbona sikuwekewa sahani? Aliyepiga kelele ni mimi."

"Wewe nimekuzaa."

Nilikuwa na maneno mengi, na nina hasira ya karibu, kila mtu anajua. Lakini kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwenzangu ilipenya pazia kutoka ukumbini, ya furaha, kubwa, na lafudhi yake ya Rabai: "Mama! Ahsante sana, mama! Hata kwetu sijawahi kuheshimiwa hivi! Mungu akuzidishie!"

Mama akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hajui?" akauliza, polepole.

"Hajui."

Akachukua upawa akakoroga sufuria. Ilikuwa tupu. Akaendelea kukoroga.

Tuliondoka siku iliyofuata. Mwenzangu alimwambia mama kwamba mwakani atakuja kumpikia yeye, na mama akasema inshallah, akiwa amesimama nyuma ya mlango, nusu ya uso wake ikionekana. Hakumwita mwanangu. Yeye hakugundua, alikuwa akihangaika na kikapu.

Hatukwenda tena. Yeye alitaka, kila Idi aliuliza, na mimi nikazua: kazi nyingi, homa, barabara imeliwa na mvua. Wageni wakija kwetu, yeye huwasimulia kiboko kwa ufupi, na sahani kwa urefu. Huwaonyesha kwa vidole paja lile la kuku lilivyokaa. Huwaambia, mama mkwe wangu, kama ningekuwa na mama mkwe, angekuwa yule. Wao hucheka. Mimi huwa nina chai ya kuangalia jikoni. Mara nyingi nimetaka kumwambia, na kila mara nikimtazama uso wake anaposimulia, huona aibu nikaacha. Ni kitu chema kuliko vyote alivyopewa na watu wangu, na si chema hata kidogo.

Mama aliugua kabla ya miaka ile ya themanini kwisha. Nilikwenda peke yangu. Alikuwa amebaki mdogo kitandani, sauti haimtoki ila kwa kusogezewa sikio. Dada alitoka kwenda kuchemsha uji, na mara alipotoka mama akanishika mkono.

"Yule mgeni wako," akasema.

"Naam, mama."

"Siku ile alishiba?"

Nilidhani ninampa raha. Wallahi nilidhani hivyo. "Alishiba, mama," nikamwambia. "Mpaka leo anakusifu. Kila anayekuja kwetu anamsimulia ile sahani. Anasema hajapata mtu wa kumheshimu kama wewe."

Mama akauachilia mkono wangu. Akavuta leso juu, juu, mpaka ikamfunika uso wote, akalala hivyo, na siku nzima ile hakutaka nimwone.