Muhula wa Beleshi

Hapa kwetu Mtinko upepo wa Agosti uliwahi kumnyanyua mbuzi wa jirani yangu Amosi, ukampeleka mpaka Ikungi, na aliporudi alikuwa na mimba. Asiyeamini amuulize Amosi, ila amuulize kabla hajanywa. Nayasema haya mjue kwamba mambo makubwa nimeyaona. Lakini uchovu aliorudi nao mjukuu wangu Sikudhani kutoka Ujerumani sijawahi kuuona kwa mtu wala kwa punda, na huo sitautia chumvi.

Sikudhani ni binti wa mwanangu Miraji. Yuko chuo Morogoro, anasomea udongo. Siku ya kwanza kusikia hivyo niliuliza, udongo si upo hapa, unaingia mpaka kwenye mlenda, mtoto anaufuata Morogoro kwa nauli? Baadaye chuo kikamchagua akasome muhula mmoja Ujerumani, kwa sharti moja: masomo yote ya kule afaulu, ndipo muhula uhesabike. Akianguka, ana mtihani wa kurudia huku nyumbani, na huo ukimshinda, mwaka mzima umemponyoka. Basi akaenda. Wajerumani walipokuja Kilimatinde zamani wakajenga boma hawakualikwa na mtu. Mjukuu wangu yeye alialikwa.

Kabla hajaondoka nilimkalisha chini.

"Sikudhani, unakwenda kukaa kwenye mji wa mtu. Jua lisikukute kitandani."

"Sawa, bibi."

Alijua ninachosema. Kwetu binti akiwa mgeni huamka kabla ya mwenye nyumba, akafagia uwanja. Mwenye nyumba akiwa bado amelala anausikia ule ufagio, anajua huyu ana kwao. Na siku mwenye nyumba akitoka alfajiri akashika ufagio mwenyewe, na binti yumo ndani, basi hahitaji kusema neno. Maana yake umekaa vya kutosha, funga mzigo.

Huko Ujerumani alipata chumba kwa mjane mmoja, Bibi Gerda, mtu wa rika langu, tofauti yetu ni kwamba yeye ana meno. Miezi ya kwanza yalianguka majani, Sikudhani akafagia majani, Bibi Gerda akacheka, akampa kahawa. Hakuna neno. Kisha ikaanguka theluji. Ikaanguka kama mtu amepasua gunia la unga mbinguni akaona uvivu kulishona.

Theluji haifagiliwi, inachotwa kwa beleshi. Sikudhani akachukua beleshi, akasafisha uwanja mpaka barabarani. Kesho yake akaamka saa ileile, akasikia huko nje kwaru, kwaru, kwaru. Akachungulia dirishani. Bibi Gerda ndiye ameshika beleshi.

Akajua amefukuzwa.

Sasa utamuulizaje mzee wa watu kama amekufukuza? Hakuuliza. Kesho yake akaamka mapema zaidi. Keshokutwa Bibi Gerda akamtangulia. Sikudhani akalificha beleshi uvunguni. Bibi Gerda akanunua jingine. Wakaenda hivyo, huyu akiamka, yule ameamka, mpaka wakafika saa ambazo hata fisi wamekwishalala. Siku moja waliiwahi theluji yenyewe, wakasimama uwanjani wote wawili na mabeleshi yao wakiisubiri ianguke. Mchana wanakunywa chai pamoja, wanapeana keki, kila mmoja anapiga miayo akiziba mdomo kwa adabu.

Darasani mtoto akawa analala. Analala kwenye kiti, analala amesimama kwenye foleni ya chakula. Mwalimu akamuita.

"Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi jiangalie. Mtihani wa kemia ya udongo umekaribia. Huo huwa hauna huruma hata kwa walio macho."

Jumapili moja akapiga simu ile ya kuonana sura. Miraji akanishikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona macho yamekuwa kama ya kuku mwenye kideri?"

"Usingizi tu, bibi."

"Wazungu wamekunyima kitanda?"

"Kitanda kipo. Muda wa kukilalia ndio hakuna." Akanisimulia habari yote ya beleshi.

"Amekuambia uondoke?"

"Hajasema."

"Chakula anakunyima?"

"Anaoka keki kila Jumamosi, bibi."

"Mimi nimefukuzwa nyumba nyingi mjukuu wangu, pamoja na ya babu yako, sijawahi kufukuzwa na keki. Muulize huyo mzee."

"Nitamuulizaje mtu mzima jambo kama…"

Hakumaliza. Usingizi ulimchukua hapohapo mdomo ukiwa wazi. Simu ikaanguka, tukawa tunaangalia dari. Miraji anaita, "We Sikudhani! We!" Mara ikaingia sura ya bibi mwenye nywele nyeupe na macho mekundu kushinda ya mtoto.

"Hujambo, mwenzangu," nikamwambia.

Akasema maneno mengi, sikushika hata moja. Kisha akaniinulia viganja vyake. Malengelenge matupu. Nami nikamwinulia vyangu, vimejaa sugu za jembe. Nikacheka, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alimgeuzia simu mjukuu wangu nimwone alivyolala kwenye meza, kichwa juu ya madaftari, kisha akatingisha kichwa kama mtu anayeona mzigo na hajui auinulie wapi. Nikamwonyesha kwa mkono: mwamshe. Akakataa. Akamfunika sweta, akakata simu.

Kesho yake nilimlazimisha Miraji anipigie.

"Umemuuliza?"

"Naona aibu, bibi."

"Aibu yako itakufelisha. Mdomo unao, huwa unanishinda hata mimi. Muulize leo."

Jioni ile akamuuliza. Bibi Gerda akaweka kikombe chini, akamshangaa. Kumfukuza? Nani kasema? Ndipo akamweleza yake. Kule kila mwenye nyumba ana wajibu wa kuondoa theluji mbele ya mlango wake. Na mwanawe wa kiume alikuwa anatafuta sababu ya kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, wanakokusanywa kama vifaranga kwenye tenga. Majirani wakiona kila siku binti mgeni ndiye anayeshika beleshi, watampigia simu mwanawe, watasema mama yako amekwisha. Ndiyo maana alikuwa anatoka kabla yake, ili aonekane.

"Kwa hiyo hunifukuzi?"

"Nilidhani wewe ndiye unaniambia nimezeeka."

Wakagawana. Bibi Gerda akachukua mbele, panapoonekana na watu. Sikudhani akachukua nyuma, kwenye mapipa ya takataka, achote akitoka darasani. Wakalala. Nasikia siku ile ya kwanza walilala wote mpaka jua likapanda, na aliyetumwa na posta akagonga mlango akachoka, akaacha mzigo kwa jirani.

Lakini uchovu wa miezi hautoki kwa kulala mara moja. Mtihani ulikuwa umebakiza siku mbili. Akaingia, akasoma swali la kwanza, analijua. Akaandika jina lake. Akasema niegemeze kichwa kidogo, nipange majibu. Alipokiinua, wanakusanya karatasi.

Alirudi Machi, mwembamba, na keki ya Bibi Gerda kwenye mkebe. Matokeo yakaja yuko hapa barazani kwangu. Akayasoma kwenye simu, sisi tunamwangalia. Amefaulu. Hili amefaulu. Na hili pia. Kemia ya udongo, hapana.

Miraji akasema, "Yaani ulikwenda Ujerumani kulala?"

Nikafungua mdomo nimtetee. Nilikuwa nimeshaanza kumtengenezea hadithi, kwamba theluji ya kule inatoa moshi unaolevya wanafunzi, hata walimu walidondoka. Sikudhani akanishika mkono.

"Acha, bibi. Nimechoka."

Nikaacha. Si jambo nililolizoea.

Atakwenda Morogoro mwezi wa tisa kufanya sapu, ndivyo wanavyoita mtihani wa kurudia. Madaftari ameyapanga kitandani, upande wa ukutani, naye amelala upande wa pili. Ni saa sita mchana. Miraji alikuja kumwamsha aende shambani akafukuze ndege kwenye uwele.

"Nenda wewe," nikamwambia.

"Mama, nimetoka huko sasa hivi."

"Basi rudi."

Akachukua debe lake, akaondoka akinung'unika. Mwaka huu ndege ni wengi.