Vidole vya Mdogo Wangu

Juzi mdogo wangu alikuja kunitembelea, akaketi kumsuka mjukuu wangu nywele. Nikavitazama vile vidole vyake na wallahi, mwenzangu, wivu ukanipanda upya, mtu mzima mimi.

Utotoni mwetu Mjambere, miaka ya themanini, mamangu alikuwa akifunga nzi wa bandia, wale wa kuvulia samaki huko Ulaya. Karakana moja ya Bamburi ilimpa ndoana na manyoya, naye akafanyia kazi barazani, ndoana imebanwa kwenye jiriwa.

Kazi yenyewe ilikuwa mwili wa nzi. Waupaka uzi nta, wachukua manyoya ya sungura kidogo mno, hata waona kama hujashika kitu, kisha wayasokota juu ya uzi, upande mmoja tu. Ukirudisha vidole, yote yafumuka. Ndipo wauzungusha uzi kwenye ndoana, mwembamba mkiani, mnene kifuani. “Punguza,” mama akiniambia kila siku, “hujazi mto.” Wangu walitoka kama viwavi walioshiba. Wa mdogo wangu, ambaye hata miaka tisa hajafika, hungewatofautisha na wa mama. Basi akakalishwa kando yake, mimi nikaachiwa kukuna nazi. Nawasikia wakicheka chini kwa chini, roho yaniuma hasa.

Siku moja, wakiwa uani, nililipaka fungu lake la manyoya mafuta ya nazi. Manyoya yenye mafuta hayashiki uzi. Alisokota, yakateleza, akasokota tena, machozi yamlenga. Mama akanusa. Sote tulipakwa mafuta yale kichwani baada ya kuoga, kwa hivyo hakushuku kitu.

“Mikono yako ina mafuta, mwanangu,” akamwambia taratibu. “Ondoka kwanza.”

Kesho yake alipomwita, mdogo wangu aliitika abee, lakini mezani hakurudi. Kiti nikakipata mimi. Mama hakucheka nami hata mara moja, na baada ya wiki nikamkuta akiwafumua nzi wangu, mmoja mmoja, awafunge upya.

Karakana ilifungwa kitambo. Mama hayupo, na baraza ile imevunjwa pakajengwa vyumba vya kupangisha. Lakini mdogo wangu, kabla hajashika kazi yoyote ya mikono, hunawa kwa sabuni mara mbili, kisha huinusa. Wajukuu humcheka. Mimi humpokea taulo, nikaianika.