Maharage Yaliyong'aa

Wakati wa vita majeshi yalipokezana mji wetu wa Beni, na kila jeshi lilikuja na njaa ileile. Adui yangu mimi alikuwa mdogo zaidi: vidudu vilivyotoboa maharage yangu ya mbegu. Niliyapaka mafuta ya mawese kidogo kwa mikono, gunia zima, na vidudu vikafa. Ningepaswa kunyamaza hapo. Lakini mwenye diploma ya sekondari hanyamazi. Niliyaanika uani, nikamwita mama jirani aje kuona yanavyong'aa, kisha nikayacheka ya kwake yaliyojaa matundu.

"Mama, haya ni maharagi ao ni chujio?"

Askari nao wakaja kuona. Mkubwa wao aliyanusa, akafurahi.

"Merci, papa! Umetuwekea na mafuta kabisa. Inabakia chumvi tu."

Mke wangu akawapa chumvi, wakaondoka upesi na gunia zima. Kwa jirani walichungulia yale matundu, wakatema mate, wakapita.

Mvua ilipoanza, nilimwendea jirani na kikapu kitupu. Alinijazia bila kununa.

"Chagua yenye iko na moyo bado, papa. Na ikiota, usiite watu."

Yaliota machache, na sikumwita mtu, hata mke wangu.