Kilo Nne

Mimi nimekamua mashuka ya nyumba ya wageni kwa mikono miaka thelathini na moja, kabla mashine hazijaja, na hata zilipokuja zikaharibika. Wenzangu waliniita Koleo. Nikishika shuka upande huu, wa upande ule alikuwa anavutwa yeye. Nasema haya mjue ni mkono gani ninaouzungumzia.

Kiharusi kilinipiga asubuhi nikivaa kiatu. Mguu ulirudi baada ya miezi, mkono wa kulia haukurudi, na mwanangu akanichukua kwake, ghorofa ya tatu. Siku moja nikaanguka ngazini, maana ngazi zile zina chuma cha kushikia upande mmoja tu, na ukishuka kipo kulia. Tangu hapo, yeye na mkewe wakienda kazini wananifungia mlango kwa nje. Toka kitandani hadi dirishani ni hatua nane, na dirisha linatazama ukuta.

Nikamwambia mimi si kuku. Tukagombana, tukapatana: mkono ukifika kilo kumi na tano kwenye kipimo cha hospitali cha kubana, napewa ufunguo wangu. Nikabana mpira miezi mitano. Kilo nne. Mwanangu akaanza kusema mama hajitahidi, mama kazoea kufanyiwa, mama kichwa ngumu. La kichwa ngumu ni kweli. Hayo mengine yaliniuma kuliko kuanguka.

Kwa hiyo binti wa mashine pale hospitali aliposema wana kofia ya kupima kichwa, nilikubali hajamaliza hata kueleza, nikataka na mwanangu awepo ashuhudie. Kofia yenyewe ina nyaya kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye haraka, na wanakupaka mafuta mazito ya baridi. Binti akasema mkono haujajongea, kichwa kinakuwa kimeshajiandaa, na kwenye kioo cha kompyuta unaona mstari ukiinuka. Ukitaka kubana kidogo unainuka kidogo, ukitaka kubana kwa nguvu unainuka zaidi. Nikamwambia hilo nalijua zamani. Shuka lililojaa maji hulishiki kama leso, unajikaza tumboni kabla hujaligusa. Akacheka.

Akanibanisha mara arobaini mkono wa kushoto, mara arobaini wa kulia, maana mara moja haionyeshi kitu. Jasho likanitoka hadi kwenye macho. Kisha akamwita mwanangu kwenye kioo. Mstari wa mkono wa kulia ulikuwa umeupita ule wa kushoto. Kipimo kilisema kilo nne.

“Kaka, mama yako anajitahidi kuliko sisi wote humu,” binti akasema. “Kichwa kinaandaa nguvu ya kunyanyua gunia. Huku chini haifiki.”

“Kumbe si uvivu.”

“Si uvivu hata kidogo.”

Nikakaa pale na kofia yangu kama hakimu. Nilikuwa nimeshinda kesi.

Tukarudi nyumbani, mimi na mwanangu. Ngazini akanibeba mgongoni, hajawahi. Jioni akamwambia mkewe anikatie chakula vipande vidogo, na mpira akauweka juu ya kabati. Akasema nipumzike, nimejitahidi vya kutosha. Nikamuuliza, na kilo kumi na tano zetu je?

“Mama, tusidanganyane,” akasema, kwa upole sana.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojifanyia. Nilipokuwa mvivu, ufunguo ulikuwepo; mvivu anagombezwa, anaamka. Sasa nimethibitishwa kuwa mkweli, na mkweli wa kilo nne hana cha kuongeza.

Asubuhi alifunga mlango polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango palepale.

“Niite mvivu,” nikamwambia.

Nikasikia akiutoa ufunguo mlangoni. Kisha akasema atachelewa kazini, akaenda.