Mkate wa Kumimina wa Mama

Mama hakumwachia mtu mkate wa Idi. Nyumbani kwetu Chumbageni, Ramadhani ikiisha, kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kusaga mchele uliolowekwa. Tukifika kwenye kutia hamira na kumimina, alinisogeza pembeni.

"Mwakani," alisema. "Leo tuna wageni, utaniharibia."

Kila Idi tulikuwa na wageni. Miaka ya hamsini ilipoanza nikaolewa Pangani, nikiwa sijawahi kumimina hata mkate mmoja.

Ramadhani ya pili ya ndoa yangu, kaka alikuja kunichukua. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu kwa sauti isiyo na neno ndani yake.

Idi ilipokaribia, baba akasema taratibu, "Mwanangu, mwaka huu tununue mikate ya dukani. Watu wataelewa."

Mama alisikia. Akatikisa kichwa, akaninyooshea mkono wa kushoto, kisha akauelekeza jikoni.

Tulimkalisha uani, mito mgongoni, nami nikasaga mchele mbele yake. Nilipomwonyesha tui, aliitikia kwa kichwa. Nikauliza, "Na hamira, mama, imetosha?"

Hapo alisema mengi. Alisema kwa juhudi, akarudia tena na tena, nami sikuambulia kitu. Machozi yakamtoka.

"Basi mama, usijichoshe," nikamwambia, nikatia kwa kukisia.

Niliumimina kwenye sufuria, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Ulitoka umeiva vizuri juu, lakini chini ulikuwa mzito kama udongo. Mama nilimlisha kipande kidogo. Alitafuna kwa muda mrefu, akameza, akapapasa mkeka kuniashiria nikae karibu naye. Baba akapeleka sahani kwa majirani kama kawaida.

Ramadhani iliyofuata haikumkuta.

Tangu hapo sijaacha kuoka, Idi hadi Idi. Nimeongeza hamira, nimepunguza, nimeuacha uumuke kivulini na juani. Binti yangu nilimpa bakuli amimine mwenyewe angali mdogo, akamwaga nusu sakafuni, nikampa tena. Mashangazi nimewauliza, na kila mmoja hunifundisha mkate wake.

Wanangu wanaupenda huu wangu, wanagombea ukoko. Mimi nakula nao na kuwaitikia. Ule wa mama ulikuwa na harufu nyingine, na siwezi hata kuwaeleza ilikuwaje.